Mamdogo, Presha Imeshuka

Mamdogo,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani, mpaka Zai akageuka kuangalia nani kaingia.

Nakuandikia kwenye daftari la Zai la Hisabati la mwaka jana, kurasa za nyuma hazijaguswa. Ni saa tisa mchana. Mtoto amelala. Gauni la mteja liko kwenye cherehani, bado mkono mmoja, na leo halitaisha. Nina neno zito la kukuambia, lakini wewe ulikuwa humpendi mtu anayeingia na jambo zito kabla hajakaa. "Kaa kwanza, hata msiba una kiti." Basi nimekaa.

Nina sukari, Mamdogo. Na presha. Vyote viwili.

Vilianza na mimba ya Yusufu, mwanangu wa pili, hujamwona. Miguu ilivimba nikawa siingii kwenye ndala zangu, nikavaa za Baba Zai. Kliniki wakaniambia presha iko juu na sukari iko juu, lakini huenda vikaondoka nikishajifungua. Nikajifungua salama. Nikasubiri viondoke. Nilipompeleka mtoto chanjo nesi akaniambia pima na wewe. Wakanichoma kidole, wakasema rudi kesho asubuhi hujala kitu, wakanichoma tena. Yule nesi ni mtu mzima, miwani anaivaa ncha ya pua. Akasema, "Mama, hii haikuja na mimba tu. Imekaa." Nikamuuliza itaisha lini. Akasema haiishi, inatunzwa. Nikasema moyoni, mimi nina wawili wa kutunza tayari, huyu wa tatu sikumwomba.

Nina miaka ishirini na tisa. Wewe presha yako ulikutwa nayo umeshapita hamsini, na tuliona kama umeonewa.

Nilimpigia Baba Zai, yuko Geita anaendesha lori la watu, anarudi mara moja kwa mwezi akibahatika. Akasema, "Sukari? Wewe? Si ugonjwa wa wazee huo?" Nikawa nasikia injini. Halafu akasema pole. Halafu akasema, "Usimwambie mama kwanza." Mama yake. Sikumwambia. Kwa hiyo kwa wakwe zangu mimi ni mzima, na nikikataa chai yao yenye sukari nusu kikombe wanasema najidai siku hizi.

Mama Rozi wa nyumba ya chini nilimwambia, maana ananiona kila siku. Unajua yeye na herufi ya "r" hawajawahi kupatana. "Sukali?" akasema. "Wewe ambaye kila wiki naazima sukali kwako? Basi ndiyo maana kwako haiishi!" Tukacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaenda zake kupika, na mimi nikabaki nimesimama na kicheko kimeisha mdomoni.

Zai naye, siku aliyosikia, alikuja akanilamba mkono. Akaonja vizuri kabisa kama anayeonja mchuzi. "Mbona una chumvi?"

Ningekuwa na wewe ungecheka siku tatu.

Kingine kilichobadilika ni sinia. Tangu unichukue kwa mama yangu Nansio, nina miaka tisa, sijawahi kula kwenye sahani ya peke yangu ndani ya nyumba hii. Kwako aliyetengewa sahani alikuwa mgeni au mgonjwa. Nesi kaniambia mboga nusu ya sahani, ugali kiasi cha ngumi, samaki kipande, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unaenda tu. Kwa hiyo nimenunua sahani ya bati yenye ua jekundu. Siku ya kwanza Zai aliniangalia, akauliza, "Mama, umenikasirikia?" Nikamwambia hapana. Akala kwenye sinia peke yake, upande wake tu, upande wangu hakuugusa. Ugali ukabaki umekatika nusu kama ukuta uliobomoka.

Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, siigusi kama zamani. Matobolwa ya Mama Rozi, vile vya kuchemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, nakula vipande viwili, nahesabu, yeye ananiangalia kwa huruma kama vile nimefiwa. Chai nakunywa na tangawizi, bila kitu. Wiki ya kwanza niliichukia. Sasa nimeizoea, sijui kama ni ushindi au ni kuchoka.

Na miguu naikagua kila siku nikioga, nyayo mpaka katikati ya vidole, kama ulivyokuwa unakagua shingo yangu kabla ya shule.

Hizo ndizo habari. Sasa neno lenyewe.

Mamdogo, unakumbuka mara ya mwisho nilipokupeleka kliniki. Zai alikuwa mgongoni ana homa, analia. Wewe ulishapimwa ukatoka ukakaa kwenye benchi la mbali, karibu na bomba, maana ulisema ndani kunanuka dawa. Nesi, kijana mmoja wa kiume, akanipa mimi daftari lako dirishani. Akasema maneno. Zai analia, watu wanasukuma, dirisha ni dogo. Nilichosikia ni neno moja. Imeshuka.

Nikaja kwenye benchi nikakuambia, "Wanasema imeshuka."

Ukaniuliza, "Imeshuka? Yaani sasa nina ya kushuka?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ni hiyo "ndiyo" yangu, Mamdogo. Ndiyo hiyo. Nimeibeba miaka miwili.

Maana kwetu presha ni mbili, ya kupanda na ya kushuka, na kila mtu anajua ya kushuka ndiyo mbaya. Mama alikuwa amevuka kutoka Nansio kuja kukuangalia wiki ile. Alipoambiwa akashika kichwa. "Ya kupanda unaiona inakuja. Ya kushuka inakuvizia." Tukakaa watatu barazani tukafikiri kama watu wenye akili. Vidonge vyako ni vya kushusha. Presha yenyewe imeshashuka. Tukikupa tena tunaishusha mpaka wapi, mpaka chini ya ardhi? Ilionekana wazi kabisa. Mimi nina kidato cha nne, nikaona ni wazi. Nikachukua paketi la vidonge kwa mkono wangu nikaliweka juu ya kabati, nyuma ya mabeseni, ili usije ukameza kwa mazoea.

Mama akachemsha supu ya sato, akatia chumvi mpaka mchuzi ukawa mzito. Akamtuma Zai soda. Wewe ukakaa umenyoosha miguu, unakunywa, unatuangalia tunavyokuhangaikia, ukasema, "Ugonjwa huu mpya mtamu. Ule wa zamani ulikuwa wa mboga za majani."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ilikuwa asubuhi, wiki chache baadaye. Ulikuwa unashona sketi za shule, zile za bluu. Nilikuwa nafua. Nikasikia cherehani inakwenda, inakwenda, haisimami pale inapopaswa kusimama. Nikaingia. Mshono ulikuwa umetoka kwenye pindo, umekata katikati ya kitambaa unaenda kokote. Ukasema, "Leo kitambaa kimelewa." Ulisema hivyo. Lakini mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja, na mkono wa kulia

Nimeacha kidogo. Nimerudi.

Hospitali daktari aliniuliza, "Alikuwa anameza dawa zake?" Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema. Kama nilikuwa naamini tulifanya vizuri kuziacha, si ningesema tu tuliziacha? Kwa hiyo kuna mahali ndani yangu nilishajua. Siku tatu ulilala pale, jicho lako moja linanifuata, neno hulitoi. Nikawa nasema labda unaniuliza. Siku ya nne hukuwepo.

Watu walikuja. Wakasema presha imemshinda, wakasema siku zake zilifika. Kuna aliyesema kijicho cha watu, maana ulikuwa na wateja wengi. Wote niliwaitikia. Hakuna aliyeuliza kuhusu paketi. Nililitoa nyuma ya mabeseni baada ya arobaini, lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Nikalitupa chooni, na hata Baba Zai sikumwambia.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kilichonifanya nikae na daftari hili.

Mwezi uliopita nilirudi kliniki. Yule nesi wa miwani akanifunga mkanda mkononi, ukabana, ukalegea. Akaangalia. Akatabasamu, akasema, "Imeshuka. Hongera."

Mamdogo, nilihisi baridi kuanzia kwenye kisigino. Nikamuuliza, "Kwa hiyo niache vidonge?"

Akavua miwani. "Nani kakufundisha hivyo?"

Nikabaki naangalia mkanda mkononi. Akadhani sijaelewa, akanieleza polepole kama anamfundisha Zai. Akasema, "Imeshuka kwa sababu dawa imeishika. Ukiiachia inapanda tena, na inapanda na hasira. Ya kushuka ni kitu kingine, wewe huna. Imeshuka maana yake ni nzuri, endelea. Usiache." Halafu akasema, "Wengi wanaanguka na neno hilo," akaita mwingine.

Kumbe yule kijana dirishani alikuwa anakupongeza.

Nilipanda yale mawe yetu kurudi nyumbani, Yusufu mgongoni, sioni ninapokanyaga. Ungetegemea kwamba mtu aliyeelewa kitu kama hicho angemeza vidonge vyake kuliko mtu yeyote hapa Mabatini. Mimi siku nne sikumeza. Nakuambia wewe tu. Nilikuwa naviangalia kwenye kiganja naona siyo haki. Kwamba mimi nipone kwa kitu nilichokunyima. Nikala na ugali wa kushiba, nikanywa chai ya wakwe zangu na sukari yao yote.

Siku ya tano nilikuwa natoka bombani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Katikati ya mawe, pale penye kona, kichwa kikaanza kugonga na macho yakawaka nyota. Nikatua ndoo. Nikakaa. Jua la saa sita linachoma, watu hakuna, kila mtu yuko kazini kwake. Yusufu akawa anacheza na sikio langu. Nikawaza, nikianguka hapa naangukia nyuma, na nyuma yupo yeye.

Hapo ndipo nilipokasirika. Siyo kwako. Nilijikasirikia mwenyewe, na hii tabia ya kuchukua kifo cha mtu nikakifanya changu. Nikajiambia, Rehema, Mamdogo hakukulea miaka kumi na minane uje kumlalia mtoto wako kwenye mawe. Ndoo niliiacha palepale. Nikashuka moja kwa moja kliniki, nguo za nyumbani, nikamwambia nesi ukweli wa zile siku nne. Alinifokea vizuri. Akanipima, akanikalisha mpaka alasiri, akaniambia nianze tena na nisirudie. Nilikuwa nahitaji kufokewa, tangu uondoke hakuna anayenifokea.

Jumapili nikavuka kwenda Nansio kumwambia Mama.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Nikamsalimu, akampokea Yusufu, akamweka kwenye khanga chini. Nikamwambia kabla sijanywa maji, maana nilijua nikinywa tu nitaahirisha. Nikamwambia yote. Dirisha, benchi, ndiyo yangu, paketi, daktari niliyemdanganya. Na maana halisi ya imeshuka.

Hakuacha kumenya. Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine. Kisu kikawa kinaenda polepole. Halafu akasema, hakuniangalia, "Supu nilichemsha mimi."

Nikasema, "Mama."

"Chumvi nilitia mimi. Kila siku nikitia chumvi kwenye kitu nasikia sauti yake anasema mtamu." Ulikuwa mdogo wake wa mwisho, Mamdogo, aliwahi kukubeba mgongoni. Kumbe naye amekaa kule kisiwani na lake, na mimi huku na langu, tunapigiana simu tunaulizana hali ya mvua.

Halafu akakiweka kisu chini. Akainuka, akaingia ndani. Akakaa sana. Akatoka na mfuko mweusi uliofungwa fundo, akauweka mapajani kwangu kama mtoto aliyevunja kikombe.

Nikafungua. Vidonge. Jina lake juu ya karatasi. Vingi, havijaguswa.

"Na mimi waliniambia imeshuka," akasema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Ramadhani. Nikamuuliza na huwa anakula nini. Akasema, "Supu."

Mamdogo, nilimfokea mama yangu mzazi. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilisimama nikapiga kelele mpaka Yusufu akaanza kulia na kuku wakatawanyika. Akaniambia, "Unanifokea mimi, Rehema?" Nikamwambia, "Nakufokea ndiyo! Ukifa na wewe nitamwambia nani?" Akakaa chini kwenye maganda ya muhogo. Tukalia wote wawili, mmoja huku mmoja kule, kama watu wasiojuana. Halafu akajifuta uso na khanga, akasema, "Basi kaa, ule muhogo. Kidogo."

Asubuhi yake nilimpeleka kituo cha afya. Nilisimama mlangoni mimi mwenyewe, mtoto nilimwacha kwa jirani makusudi ili nisikie kila neno. Ilikuwa juu sana. Daktari akatikisa kichwa, akamwanzishia upya, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Nikamwomba daktari arudie tena, taratibu, siku ikishuka afanye nini. Akarudia. Nikamwambia Mama naye aseme. Akasema kama mtoto wa madrasa, "Ikishuka, naendelea."

Wiki mbili zimepita jana. Ameenda peke yake, akanipigia akiwa bado kwenye foleni ya dawa. Hakusema haloo. Alisema, "Imeshuka." Akawa ananisikiliza ninavyovuta pumzi. Halafu akasema, "Na nimeshameza ya leo, usinifokee."

Kwa hiyo siku hizi kila jioni tunapigiana. Umemeza? Nimemeza, wewe je? Basi. Wakati mwingine hatuna la kuongeza, tunakaa tu na simu sikioni. Bado nakula kwenye sahani yangu. Bado Baba Zai yuko Geita, ingawa juzi aliniuliza nesi alisema nini, akasikiliza mpaka mwisho. Nimemwambia mwisho wa mwezi akija namwambia mama yake, ruhusa siombi. Mchana nyumba ni kubwa kuliko ilivyokuwa. Wateja wapya hawakujui, wanasema una mkono mzuri dada, ulijifunza wapi, nami nawaambia, halafu wanaondoka na nguo yao.

Sikuombi msamaha kwa barua. Ungesema hiyo ni kazi ya mtu mvivu. Nikuahidi, na ahadi yangu unaijua. Nitameza kila siku, hata siku ninayojisikia mzima, hasa siku hiyo. Zai akikua kidogo nitamwambia ukweli wote kuhusu neno lile, asije akaliokota mahali kama nilivyoliokota mimi. Na nikiwa kliniki nikimwona mtu katoka dirishani anatabasamu na daftari lake, namsogelea. Nimeshaanza. Wiki iliyopita nilimwuliza baba mmoja mtu mzima, "Baba, shikamoo, wamekuambia imeshuka?" Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini alisikiliza.

Yusufu ameamka, namsikia. Nikuage.

Lala vizuri, Mamdogo. Nimekukumbuka mpaka mbavu zinauma. Lakini nina watoto wawili na Mama, na siji huko karibuni. Nafasi iliyo pembeni yako mpishe mwingine. Mimi nitachelewa. Nitachelewa sana, nitakuja bibi kizee sina jino hata moja, utaniuliza nilikuwa wapi.

Usinisubiri.

Mwanao,
Rehema